KUVU YA MAPAFU NA MAANDISHI YA CHETI

Ndugu wasomaji, katika ukurasa huu mmezoea kusoma juu ya ugonjwa fulani, dalili zake, dawa zake na namna ya kujikinga nao. Mwezi huu tutafanya hivyo pia, lakini tutakwenda mbele kidogo, tuingie katika chumba cha karani wa takwimu, mahali ambapo mgonjwa hafiki kabisa. Sababu ni kwamba upo ugonjwa wa mapafu ambao wagonjwa wake hawakosi kufika hospitali, hawakosi kupigwa eksirei wala hawakosi kumeza dawa. Wanachokosa ni mtu wa kuandika kwa ukamilifu yale aliyoyaona kifuani mwao. Kwa kukosa maandishi hayo hutibiwa ugonjwa ambao hawanao, na ule walio nao unaendelea kuyala mapafu.

Ugonjwa huo ni kuvu ya mapafu. Kuvu, au fangasi kama wengi wasemavyo siku hizi, tunaifahamu katika ngozi: mapunye kichwani mwa mtoto, kuwashwa katikati ya vidole vya miguu, utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga. Tunaifahamu pia ghalani, katika mahindi yaliyowekwa kabla ya kukauka. Lakini ni wachache wanaojua kwamba kuvu huweza kuota ndani ya pafu la mtu aliye hai.

Kuvu iitwayo Aspergillus ndiyo tunayotaka kuizungumzia zaidi. Huota katika majani yanayooza, mbolea, nyasi kavu za mifugo na nafaka iliyovunda. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi la kawaida, nazo huelea hewani. Sisi sote tunazivuta kila siku, mjini na shambani, na miili yetu huziua bila sisi kujua. Kwa hiyo asije mtu akaogopa kuingia ghalani mwake. Walio hatarini ni wale ambao kinga yao imeshuka sana, mathalani kwa UKIMWI au kwa dawa za saratani. Wale wenye pumu ambao miili yao huichukia kuvu hiyo. Na wale ambao mapafu yao yamebaki na mashimo baada ya kuugua kifua kikuu. Kundi hili la mwisho ndilo linalotuhusu sana katika nchi kama zetu.

Kifua kikuu, hata kikitibiwa na kupona kabisa, huweza kuacha shimo katika pafu. Shimo hilo ni kama chumba kilichohamwa. Mbegu ya kuvu ikiingia humo haikuti wa kuifukuza, basi huota taratibu, na pengine hujisokota pamoja na ute na damu hata ikawa donge linaloonekana kwenye eksirei. Mgonjwa huanza kukohoa upya. Hukonda, huchoka, hupumua kwa shida, na wengi wao hukohoa damu, mara michirizi, mara kikombe kizima. Je, ndugu msomaji, ukimwona jirani yako aliyewahi kuugua kifua kikuu anakohoa damu na kukonda, utasema nini? Utasema kifua kikuu kimerudi. Ndivyo wasemavyo ndugu zake, na mara nyingi ndivyo aandikavyo mganga.

Tutoe mfano, ambao si wa mtu mmoja. Tumeuunganisha kutoka kwa wagonjwa mbalimbali ili asitambulike yeyote. Baba mmoja, mkulima wa umri wa miaka hamsini hivi, alitibiwa kifua kikuu kwa miezi 6 na kadi yake ikaandikwa kwamba amepona. Baada ya miaka miwili akaanza tena kukohoa. Akaenda kwenye kituo kimoja, makohozi yakapimwa, vijidudu havikuonekana. Hata hivyo kwenye cheti pakaandikwa herufi mbili tu: TB. Wakati huo, kabla ya mwaka 2017, aliyerudiwa na kifua kikuu alipewa dawa kwa miezi 8, na katika miezi 2 ya kwanza alichomwa sindano za streptomisini, ambazo huweza kuharibu masikio. Mwaka huo wa 2017 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri kwamba mpango huo usitumike tena. Baba wetu alichomwa sindano zote. Akapata nafuu kidogo, kisha akarudia hali ile ile. Akaenda kituo kingine na cheti chake mkononi. Mganga wa pale akasoma TB, akaandika TB.

Mgonjwa wa namna hii akifikishwa wodini usiku akitapika damu, muuguzi wa zamu hufungua bahasha ya makaratasi na kukuta neno lile lile katika kila karatasi, kama wanafunzi walionakili jibu kwa jirani. Hakuna palipoandikwa kwamba makohozi yalipimwa mara ngapi na yalionyesha nini. Hakuna palipoandikwa kwamba katika eksirei ya mwisho, sehemu ya juu ya pafu la kulia, kulikuwa na shimo lenye donge ndani yake. Picha yenyewe ilibaki nyumbani, ama ilichukuliwa na mvua. Mtu aliyeiona picha ile alikuwepo, na macho yake yalikuwa mazima. Ila hakuandika.

Pengine msomaji atauliza kama jambo hili ni kubwa kiasi hicho. Mwaka 1968 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya kuwachunguza wagonjwa 544 ambao kifua kikuu kilikwisha kutibiwa lakini mashimo yalibaki mapafuni. Robo yao walikuwa na alama za kuvu hiyo katika damu. Karibu na kwetu, huko Gulu, kaskazini ya Uganda, watafiti waliwapima upya watu waliokwisha kutibiwa kifua kikuu, na matokeo yakatolewa mwaka 2019. Karibu watu 5 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa sugu wa kuvu mapafuni. Kati ya wale ambao eksirei zao zilionyesha mashimo, walikuwa 26 katika kila 100. Kati ya wale wasio na mashimo hawakufika hata 1. Na mwaka 2011 Profesa David Denning na wenzake walikadiria, katika jarida la WHO, kwamba duniani kulikuwa na watu wapatao milioni 1.2 wenye ugonjwa huu uliotokana na kifua kikuu. Ni makadirio, kwa sababu ukitafuta hesabu kamili katika vitabu vya hospitali huipati.

Hapa ndipo tunapofika kwa karani wa takwimu.

Kila mgonjwa anayehudumiwa huingizwa katika vitabu vya MTUHA, mpango wa taarifa za afya ulioanza kutumika nchini mwetu katika miaka ya 1990: Kitabu Na. 5 kwa wagonjwa wa nje na Na. 14 kwa waliolazwa. Siku hizi hospitali nyingi hutumia kompyuta. Pamoja na hayo ipo orodha ya kimataifa ya magonjwa, iitwayo kwa kifupi ICD, ambamo kila ugonjwa una herufi na namba yake. Orodha hii ina asili ya zamani. Mwaka 1893 Mfaransa mmoja, Jacques Bertillon, aliyekuwa mkuu wa takwimu katika jiji la Paris, alipeleka mbele ya mkutano wa wanatakwimu huko Chicago orodha ya sababu za vifo, ili nchi mbalimbali ziweze kulinganisha hesabu zao. Tangu mwaka 1948 orodha hiyo imo mikononi mwa WHO. Toleo la kumi lilipitishwa mwaka 1990, na la kumi na moja lilianza rasmi tarehe 1 Januari 2022, ingawa nchi nyingi bado zinafanya kazi na lile la kumi.

Tuangalie namba chache za toleo la kumi, maana zina mafundisho. Kifua kikuu cha mapafu kilichothibitishwa kwa kuonekana vijidudu, au kwa kupima kipande cha nyama ya pafu, ni A15. Kifua kikuu cha mapafu kisichothibitishwa ni A16. Mnaona? Orodha haiulizi tu mgonjwa anaumwa nini, inauliza pia mmejuaje. Makovu na mashimo yaliyoachwa na kifua kikuu kilichokwisha kupona yana namba yake, B90.9. Kuvu ya Aspergillus mapafuni, ile isiyokuwa ya kuenea kwa ghafula mwilini, ni B44.1. Nimonia ambayo haikuelezwa imetokana na kijidudu gani ni J18.9.

Basi mfikirieni karani amekaa na cheti cha baba yule, chenye herufi mbili. Je, aandike A15 au A16? Haruhusiwi kukisia, wala hakusomea udaktari. Ataandika kile alichopewa. B90.9 na B44.1, ambazo ndizo zingesimulia maisha ya baba yule kwa kweli, hazitaandikwa kamwe, kwa sababu hakuna maneno ya kuzibeba. Mwisho wa mwezi hesabu zinapelekwa wilayani: kifua kikuu kimoja zaidi, kuvu ya mapafu hakuna. Mwisho wa mwaka anayeagiza dawa anatazama hesabu hizo, naye kwa haki kabisa anaagiza dawa za kifua kikuu, na ya kuvu haagizi. Dawa ya kuvu hii, itrakonazoli, imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu mwaka 2017, lakini kuwemo katika orodha ya Geneva si kuwemo katika kabati la wodi yetu.

Kompyuta nayo haijaondoa tatizo hili, na sisi tunaona pengine imeliongeza. Zamani mganga mvivu aliandika neno moja. Leo anabonyeza herufi tatu za mwanzo na kuchagua jibu la juu kabisa linalojitokeza. Ndiyo maana nimonia isiyoelezwa imekuwa nyingi mno. Tena yapo madai ya bima: fomu ikienda na namba ya nimonia, huku dawa zilizotolewa ni za kuvu kwa miezi 6, anayeikagua atauliza maswali, na ana haki ya kuuliza.

Mtu asidhani kwamba kuandika ni kazi ya makarani tu. Ugonjwa wa UKIMWI wenyewe uligunduliwa kwa njia ya maandishi, na yalihusu kuvu ya mapafu. Mwanzoni mwa mwaka 1981, katika kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilichoko Atlanta, mama mmoja aitwaye Sandra Ford alikuwa na kazi ya kupokea maombi ya dawa adimu. Dawa moja kati ya hizo, pentamidini, ilitumika kutibu nimonia ya Pneumocystis, ambayo ilijulikana kuwapata watu wenye kinga iliyoharibika, kama wagonjwa wa saratani. Mama huyu akaona maombi yanaongezeka, na kwamba wanaoombewa ni vijana wa kiume ambao hakuna aliyeweza kueleza kwa nini kinga yao imeshuka. Akawaandikia wakubwa wake. Tarehe 5 Juni 1981 taarifa ya vijana watano wa Los Angeles wenye nimonia hiyo ikachapishwa, na hivyo ulimwengu ukaanza kuujua UKIMWI. Kama madaktari wale wangejaza fomu kwa neno "nimonia" tu, sijui tungechelewa kwa miezi mingapi.

Pneumocystis ina kisa kingine cha kuchekesha kidogo. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani ni mdudu wa jamii ya vile viletavyo malaria. Mwaka 1988 ilionyeshwa kwamba ni kuvu. Lakini katika toleo la kumi ilikuwa imekwisha kupewa kiti miongoni mwa wadudu, namba B59, na ilikaa huko muda mrefu kabla WHO haijaihamishia katika fungu la kuvu, B48.5. Mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI aliyepata nimonia hiyo ana namba yake mwenyewe, B20.6. Namba kama hiyo, ndugu zetu wa mapokezi, ni siri ya mgonjwa sawasawa na neno lenyewe. Tumeona fomu zikiachwa wazi mezani kwa kudhani kwamba watu hawazijui namba. Watu wanazijua.

Mfano mwingine ni wa hapa kwetu Tanzania. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 970 waliolazwa na homa kaskazini mwa nchi. Tisa kati yao walikutwa na histoplasmosisi, kuvu ipatikanayo katika kinyesi cha popo na cha ndege, ambayo huingia kwa njia ya mapafu. Waganga walikuwa wamewaandikia maradhi mengine, kama kifua kikuu na nimonia. Hatusemi haya ili kuwalaumu, kwa kuwa kipimo chenyewe hakikuwepo wodini. Tunasema ili ionekane kwamba ugonjwa huweza kuwepo katika nchi na usiwepo katika vitabu.

Sasa, nini kiandikwe? Tunasema na wauguzi na waganga wenzetu wa zahanati na vituo vya afya, ambao wengi husoma gazeti hili. Ugonjwa sugu wa kuvu hutambulikana kwa kuunganisha mambo kadhaa: dalili zilizodumu zaidi ya miezi 3, shimo au donge katika eksirei, damu yenye alama za kupambana na kuvu hiyo, na kutokuwepo kwa kifua kikuu. Kipimo cha damu hospitali nyingi hazina. Hilo lisitunyamazishe. Andika kwamba unashuku kuvu, uandike na sababu. Andika mwaka ambao mgonjwa alitibiwa kifua kikuu na alimaliza lini. Tarehe hiyo ina uzito, kwa sababu mashine ya GeneXpert hutambua chembe za urithi za kijidudu, na kwa mtu aliyetibiwa karibuni inaweza kuonyesha kifua kikuu wakati wadudu wale ni wafu. Andika matokeo ya makohozi hata kama hayakuonyesha kitu. "Hakuna vijidudu, mara mbili" ni habari kubwa kuliko TB yenye alama tatu za kuuliza. Andika eksirei ilionyesha nini na upande gani. Andika dawa za kuvu alizokwisha kunywa, maana flukonazoli, ambayo tunayo kwa wingi kwa ajili ya homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu, haiiwezi Aspergillus. Na kama mgonjwa yumo katika dawa za kifua kikuu, iandikwe waziwazi, kwa kuwa rifampisini huivunja nguvu itrakonazoli hata ikawa kama maji.

Mgonjwa akifariki, kuandika "moyo kusimama" hakumsaidii mtu. Kila afaye moyo wake husimama. Fomu ya kimataifa ya sababu ya kifo hutaka mlolongo: alikufa kwa kutoka damu mapafuni, iliyotokana na kuvu, iliyoota katika shimo la kifua kikuu cha zamani. Ni mistari mitatu. Familia ikiuliza, ina jibu, na karani naye ana namba za kuandika.

Kwenu wasomaji wa nyumbani, la kwanza ni hili: asije mtu akaacha dawa za kifua kikuu kwa sababu ya makala hii. Mtu anayekohoa kwa wiki mbili na zaidi bado anatakiwa kupimwa kifua kikuu kwanza, na akikutwa nacho ameze dawa mpaka mwisho. Kinachotakiwa ni kwa yule aliyekwisha kupona, akaanza tena kukohoa, na makohozi yake hayaonyeshi vijidudu. Huyo amwulize mganga kwa upole, "Baba daktari, je, yawezekana ikawa ni kuvu?" Si utovu wa adabu kuuliza hivyo, na mganga mwenye busara hakasiriki. Anayekohoa damu nyingi asingoje kliniki ya Jumatatu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kuvu ikithibitika, matibabu ni ya muda mrefu, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na wachache wenye donge moja na nguvu za kutosha huweza kufanyiwa upasuaji katika hospitali kubwa. Vidonge vya itrakonazoli humezwa pamoja na chakula, si tumbo likiwa tupu.

Halafu yatunzeni makaratasi. Mkiruhusiwa kutoka wodini, someni cheti kabla ya kuvuka geti, na kama kimeandikwa neno moja tu, rudini mkaombe matokeo ya vipimo yaongezwe. Kadi ya kifua kikuu isitupwe hata baada ya miaka kumi. Picha ya eksirei isikunjwe, isiwekwe juani, wala isitumike kuziba dirisha kama tunavyoona katika nyumba nyingi. Iwekwe ndani ya bahasha yake, ikiwa na jina na tarehe, chini ya godoro ambako italala bapa. Siku ya kwenda hospitali zichukueni zote, ya zamani na mpya, kwa maana daktari akiziweka pamoja mbele ya mwanga ndipo ataona kama shimo ni lile lile au ukuta wake umenenepa.